Gari ya Sécurité Iko Inaingia

Tulimzika Papa Shukuru wiki iliyopita huko Makobola, kwao, na tuliporudi mtaani Nyamianda kukaa matanga watu walifanya kile ambacho watu hufanya wakishachoka kulia: walianza kuchekeshana. Mtu mmoja akaniita kutoka upande wa pili wa turubai, akasema, Prof, hebu tuelezee siku ile uliyoleta sécurité. Watu wakacheka kabla sijafungua mdomo. Hadithi hiyo imezunguka sana mjini hata imekuwa laini kama jiwe la mtoni. Ndani yake kuna televisheni, kuna mvua, niko mimi na maikrofoni yangu, na kuna watu hamsini wanaotaka kupita mlango mmoja kwa pamoja. Ameongezwa shemasi mnene aliyekwama dirishani, ambaye hakuwepo. Na ameondolewa mtu mmoja, ambaye alikuwepo. Niliisimulia tena siku hiyo kwenye matanga, pamoja na shemasi, kwa sababu mjane alikuwa anacheka na sikutaka kumkatiza. Nilipofika nyumbani niliona haya. Ndiyo maana ninaandika mwaka ule kama ulivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimerudi kutoka Bukavu na shahada ya licence ya sosholojia, na mémoire, tasnifu niliyoandika kuhusu uvumi: jinsi habari isiyo na mwenyewe inavyotembea sokoni, nani anaiongezea mguu, nani anaipa mabawa. Profesa alinipa alama nzuri, na nikadhani kwamba kuandika juu ya ugonjwa ni sawa na kuchanjwa. Kazi sikupata. Nilichokuwa nacho ni mdomo, na mdomo huo ulipata mahali pa kukaa kila Jumapili saa tisa alasiri, katika salon ya Papa Shukuru. Alikuwa fundi wa malori aliyestaafu, mtu mfupi mwenye vidole vilivyobaki vyeusi hata baada ya miaka mingi ya sabuni. Aliondoa makochi ya mkewe, akaweka mabenchi aliyoyanunua kwa kanisa lililogawanyika, akatundika ekrani kubwa ukutani. Siku nyingine alionyesha mpira kama wengine wote. Jumapili alionyesha mbio za magari, kwa sababu yeye mwenyewe alizipenda, na aliyetaka mpira aende kwa jirani.

Ninaikumbuka salon hiyo kuliko vyumba vyote nilivyolala. Sakafu ya saruji iliyopasuka katikati, ufa ukielekea mlango wa nyuma. Pazia la kijani ambalo upepo wa ziwa ulilivuta nje na kulirudisha ndani. Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa, ambazo Mama Shukuru alikuwa akizikaanga uani, akizileta kwenye sahani ya bati pamoja na pilipili na bugali baridi iliyokatwa vipande kama sabuni. Mafundi, wapanda moto, yaani wa pikipiki za abiria, walimu wawili watatu, na wanaume ambao hawakuwa na gari wala tumaini la kulipata, walikaa pale wakibishana juu ya tairi laini na tairi ngumu kwa ukali wa wazee wanaogawa shamba. Papa Shukuru ndiye aliyekuwa na shaka kubwa kuliko wote. Aliipenda michezo ile bila kuiheshimu. Alisema hawa madereva ni hodari, lakini barabara yao haina tope. Wapewe kona moja tu ya mlima wa Ngomo, mwezi wa mvua, na magunia ya mihogo juu na mbuzi juu ya magunia, ndipo tutajua nani bingwa. Alisema dereva hapimwi akipanda, anapimwa akiteremka.

Dekoda ilisema Kiingereza, kwa sababu kadi yake ilitoka ng'ambo, na Kiingereza hakuna aliyekijua vizuri isipokuwa Gentil. Gentil alifundisha hesabu katika shule moja ya sekondari. Alikuwa mtu wa juu, wa milima ya wafugaji, na alikuwa amesoma miaka miwili Nairobi. Alikuwa mrefu, alivaa shati lililopigwa pasi hata siku ya mvua, na alikuwa na tabia ya kusubiri kidogo kabla ya kujibu, kana kwamba kila swali lilikuwa na mtego. Alikuwa akimnong'oneza jirani yake maana ya yale yaliyosemwa, na jirani alikuwa akiwapa wengine, mpaka Papa Shukuru akaleta maikrofoni na bafle, ile spika kubwa ya harusi, akamwambia aseme kwa wote. Gentil alikataa. Alisema sauti yake haifai kwa bafle. Nilidhani ni haya. Nikajitolea.

Basi tukafanya kama kanisani, mgeni anapohubiri kwa lugha yake na mkalimani anasimama ubavuni. Gentil alinong'ona, mimi nikasema. Na kama wakalimani wote wazuri, nilianza kuongeza. Timu ilipomwamuru dereva wa pili ampishe wa kwanza, nilisema huyu naye amewekwa kwenye liste kama wagombea wetu, jina liko, kiti hakuna. Fundi alipomwambia dereva kwa redio apunguze mwendo, na dereva akajibu nimesikia, kisha akaongeza mwendo, nilisema hivyo ndivyo mji mkuu unavyozungumza na sisi, swali ni nani dereva. Waamuzi walipompa mtu adhabu ya sekunde tano kwa kosa lililomtoa mwenzake barabarani, nilisema hata Ulaya kuna watu wanaojulikana na watu wasiojulikana. Nilikuwa na maoni juu ya bei ya mafuta, juu ya barabara ya Bukavu ambayo kila uchaguzi inapimwa upya, juu ya wachungaji, juu ya mashirika. Watu walicheka, na kicheko kilinilevya. Papa Shukuru aliniambia mara nyingi, kwa upole wake wa kukunja uso, kwamba siasa niiache mlangoni pamoja na tope la viatu. Nilimjibu kwamba anayesema magari tu naye amechagua upande. Nilikuwa na majibu ya namna hiyo mwaka ule.

Gentil ndiye aliyenifundisha maneno. Ajali ikitokea, linatoka gari moja lenye taa juu ya paa, linaongoza wengine wote polepole, hakuna ruhusa ya kulipita, mpaka njia isafishwe. Yeye alipendekeza niliite mtulizaji. Nilicheka, nikasema hilo ni jina la dawa ya tumbo. Nikachagua la Kifaransa, voiture de sécurité, kwa sababu lilikuwa na heshima mdomoni. Baadaye nilichoka na urefu wake, nikasema gari ya sécurité, na siku za haraka, sécurité tu. Wale wa kila Jumapili walinielewa. Lakini mjini kwetu neno hilo lilikuwa na wenyewe. Watu wa sécurité ni wale wasiovaa sare, na gari ya sécurité ni ile pickup ambayo ikisimama mbele ya nyumba, majirani wanakumbuka kwamba wameacha sufuria motoni. Nilijua hivyo kama kila mtu. Nilidhani inachekesha.

Kufikia mwezi wa mvua, mambo yalianza kukaza. Huko juu vijiji viliungua, vya hawa na vya wale. Ng'ombe walichukuliwa, mashamba yakakatwa, na kila upande ulishuka na maiti zake na hesabu yake ya nani alianza. Katika mji, vijana wa kila avenue waliweka barrière zao, kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, wakiuliza kitambulisho, na walipokosa kitambulisho wakisikiliza jinsi mtu anavyotamka. Wiki moja kulikuwa na bouclage: askari walizunguka mtaa alfajiri, wakapekua nyumba kwa nyumba, wakaondoka na vijana kadhaa kwenye pickup. Ndani ya salon hatukusema lolote juu ya hayo, lakini benchi la Gentil lilianza kuwa na nafasi. Hakuna aliyemfukuza. Watu walikaa tu mahali pengine. Siku moja nilikuwa uani nikisubiri ndagala, nikamsikia mwanamke mmoja akimuuliza Mama Shukuru kama yule mwalimu bado anakuja. Mama Shukuru aligeuza samaki, akasema anakuja kuangalia magari. Mwanamke akasema, nauliza tu. Jumapili iliyofuata Gentil hakukaa ubavuni mwangu. Alikaa karibu na mlango wa nyuma, penye pazia. Nilimpungia mkono aje, akatikisa kichwa, akagusa sikio lake kuonyesha kwamba atanisikia vizuri kutoka pale. Nilikasirika kidogo. Nilidhani ananiachia kazi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya mvua. Uwanja wa mpira ulikuwa umejaa maji, mechi ikaahirishwa, na watu waliokwenda kuitazama waliingia kwetu wakiwa wamelowa, sura nyingi ambazo sikuzijua. Papa Shukuru alifungua mlango wa mbele wote na akasogeza bafle dirishani ili waliobaki barazani nao wasikie. Mbio zilianza vizuri. Gentil alikuwa tena kule penye pazia, nami nilikuwa peke yangu na Kiingereza changu cha chuo, nikishika neno moja kati ya manne na kujaza mengine kwa maoni. Katika mzunguko wa kumi na kitu wingu lilikaa juu ya dishi. Picha ikaganda: gari moja jekundu limeinama kwenye kona, halisogei. Sauti ilibaki, ikija kwa vipande. Nikasikia watangazaji wakipandisha sauti, nikasikia kishindo, halafu nikasikia maneno mawili ninayoyajua: safety car. Nikakaza maikrofoni, nikasema kwa ile sauti ya mchungaji niliyokuwa nimeizoea:

"Sécurité. Gari ya sécurité iko inaingia."

Watu wa nyuma walisimama. Nilifurahi. Nilidhani wamesimama kwa ajili ya ajali, kama mpira ukikaribia goli. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi, iko inaingia, iko inaingia sasa hivi, na hakuna ruhusa ya mtu kupita. Bafle likalipeleka neno hilo barazani, na baraza likalipeleka barabarani. Benchi la kwanza lilianguka. Kisha sikuona tena watu, niliona migongo. Sehemu hii ndiyo inayochekesha kwenye matanga, na sitasema kwamba haichekeshi: mwanaume mmoja alitoka na sahani ya ndagala mkononi bila kumwaga hata moja. Mimi nilibaki nimeshika maikrofoni nikiuliza kuna nini. Papa Shukuru alichomoa waya wa bafle, akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama, akasema, "Umesema nini, mwanangu?"

Wakati huo tulisikia kelele za namna nyingine kutoka nyuma ya nyumba. Kelele za watu wanaokimbia hutawanyika. Hizi zilikuwa zinakusanyika. Gentil alikuwa wa kwanza kabisa kutoka, kwa mlango wa nyuma, ameruka ukuta wa uani, na ameangukia upande wa pili, kwenye avenue yenye barrière. Vijana wa barrière walikuwa wamesikia neno sécurité kutoka dirishani. Kisha wakamwona mtu wa juu anaruka ukuta. Waliunganisha vitu viwili, kama nilivyoandika kwenye mémoire kwamba watu hufanya. Tulipofika walikuwa wamemkalisha kwenye mfereji wa maji ya mvua. Kiatu kimoja hakikuwepo, mdomo ulikuwa unatokwa na damu, shati lake la pasi lilikuwa na alama ya mguu. Aliyeshika simu yake alikuwa Dido, mpanda moto, ambaye nilisoma naye sekondari na ambaye alikuwa akinakili hesabu zangu. Alikuwa na fimbo mkono wa pili. Hakuwa amelewa. Ningependa kuandika kwamba alikuwa amelewa.

"Kama hana kosa, iko anakimbia nini?" Dido alikuwa akiwauliza watu wote, na watu wote walikuwa wakilijibu swali hilo kwa kulirudia. Mmoja alisema ameitwa na sécurité, ni mtu wao. Mwingine alisema hapana, wanamtafuta, ndiyo maana amekimbia. Maelezo hayo mawili hayawezi kukaa pamoja, lakini yalikaa, na yote mawili yalimwelekea yeye. Nilisukuma nikaingia katikati. Nilisema ni mimi niliyesema, na hakuna sécurité yoyote, ni gari ya kwenye televisheni, gari la mashindano. Niliposikia maneno yangu yakitoka nilitambua kwamba nisingeyaamini. Dido alinitazama kwa huruma.

"Prof, weye unamufichia nini huyu muntu? Sécurité iko mu televisheni namna gani?"

Papa Shukuru hakubishana. Alimwinamia Gentil, akamshika kwapani, akamsimamisha, na akamwambia Dido kwa sauti ya mtu anayemwambia fundi mdogo amletee spana kwamba wote waingie salon waone, na kama gari halipo, basi nyumba ni yao. Alisema hivyo kweli. Mama Shukuru alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, akasikia nyumba yake ikiwekwa rehani kwa gari ambalo hajawahi kuliona, akasogea kuwapisha.

Waliingia, labda ishirini, na maji yakichuruzika. Ekrani ilikuwa bado imeganda: gari jekundu, kona, hakuna kinachosogea. Dido alisimama mbele yake, akiwa amemshika Gentil kola, akauliza ndiyo hii? Nilisema hapana, picha imekwama, tusubiri. Mtu akacheka kwa pua. Nilijua jambo moja ambalo wao hawakulijua: lile gari halikai milele. Likishasafisha njia linarudi ndani. Kama picha ingerudi baada ya hapo, wangeona magari yanakwenda kasi kama kawaida, na mimi ningebaki mwongo, na Gentil angerudi mferejini. Nimefanya mitihani mingi maishani, nimewahi kulala chini ya kitanda risasi zikipita, lakini sijui saa iliyokuwa ndefu kama hiyo. Papa Shukuru alipanda kwenye benchi, akatoa mkono dirishani, akawa anatikisa nguzo ya dishi polepole, kushoto, kulia, akisikiliza kama anayesikiliza injini. Ekrani ikawa nyeusi. Watu wakanung'unika. Kisha ikawa na vipande vipande, kisha ikakaa.

Magari yalikuwa yamejipanga mstari mmoja kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, na mbele yao, taratibu, lilikwenda gari la kawaida lenye milango na taa za njano zinazowaka juu ya paa.

Dido alisogeza uso karibu na ekrani. Aliuliza mbona hawalipiti, na wao wana nguvu zaidi. Nilimwambia ni marufuku, ni la usalama wao. Akauliza, na wanakubali? Nikasema wanakubali. Akatazama tena, kisha akasema, "Kumbe ni taxi." Hapo ndipo kicheko kilipoanza, kile ambacho bado kinazunguka mjini. Walicheka mpaka wakakaa chini. Walipigana mabega. Mmoja alinikumbatia. Kisha, kwa kuwa walikuwa wamekaa na mvua ilikuwa inaendelea, waliamua kuangalia mpaka mwisho, na wakamkalisha Gentil katikati yao, benchi la kwanza, wakamwambia asikasirike, walidhani tu. Mtu alimpa kitambaa cha mdomo. Mtu alimpa ndagala. Simu yake ilibaki mfukoni mwa Dido. "Endelea, Prof," walisema, "tuambie."

Nikaendelea. Hilo ndilo halimo kwenye hadithi. Mizunguko zaidi ya thelathini, nikiwa na maikrofoni isiyo na waya wowote kwenye bafle, niliwaambia nani yuko mbele na nani amebadilisha tairi, na sikutoa maoni hata moja. Nilikuwa naona kisogo cha Gentil. Alikaa wima, ndagala mkononi bila kuila, na kila aliposikia kicheko mabega yake yalipanda kidogo, yakashuka. Mara mbili aliniambia neno la Kiingereza nililolikosa, bila kugeuka, kwa sauti ya darasani. Walimpigia makofi kwa hilo.

Mbio zilipokwisha Dido alimrudishia simu, na kwa kuwa sasa alikuwa mkarimu, alisema atampeleka na moto mpaka Kavimvira, mpakani, bure, kwa maana bila yeye hapiti barrière hata moja. Gentil alisema asante. Papa Shukuru alimletea viatu vyake mwenyewe, vidogo kwa namba moja, akamfungia kamba zake akiwa amepiga magoti, na hakuomba msamaha wala kusema pole, alifunga tu. Nilimfuata Gentil hadi barazani wakati Dido anafuta kiti cha moto. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilimwambia anisamehe, neno lile lilikuwa la kwangu, alinipa jina jingine nikalikataa, amekimbia kwa sababu yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasubiri kidogo kama desturi yake.

"Miye ndiye nilikufundisha ile gari," alisema. "Nilijua ni gari gani."

Nikamuuliza, basi ulikimbia nini? Lilinitoka kabla sijalisikia. Lilikuwa swali la Dido, neno kwa neno.

Alinitazama, si kwa hasira. "Niliona bantu banasimama," alisema. "Sikukimbia gari, Prof. Nilikimbia nyinyi."

Akapanda. Abiria wa moto kwetu hushika bega la dereva, ni kawaida. Yeye alipeleka mikono nyuma, akashika chuma cha kubebea mizigo, vidole vyote kumi. Kwenye kamba ya kwanza Dido alipiga honi, vijana wakashusha kamba, wakapita. Kwenye ya pili hivyo hivyo. Jioni, kabla giza halijaingia, simu yangu ilitoa mlio. Aliandika neno moja: Nimevuka. Nilimjibu maneno mengi sana. Alama ya kusoma ilitokea chini ya yote, moja baada ya nyingine, na mpaka leo hajaandika la pili.